Medali Isiyo na Jina

Mjini Kisii, kwenye kaunta ya fundi anayechonga majina kwenye vikombe vya michezo, mama mzee kutoka Gesima alifungua leso akatoa medali ya vita ya baba yake.

"Niandikie jina lake hapa."

Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Mimi hukusanya medali, nikashindwa kunyamaza. "Mama, usiiguse. Ikichongwa jina leo, inapoteza thamani; sisi wakusanyaji hatuitaki tena."

Alinitazama, akaigeuza, akanitazama tena. "Ai! Baba yangu Wazungu walimpeleka vitani Burma, wakampa hii tupu, bila jina. Na wewe pia hutaki aandikwe?"

Fundi alisubiri, kalamu ya chuma mkononi.

Nyumbani ninazo kumi na moja, zote bila jina, na nilikuwa nikijivunia hilo. Sasa sijui kama nazihifadhi, au nasaidia kuwasahau wenyewe.