Mota Kali

Siku ile naikumbuka hata nikitaka kuisahau, mwanangu, kwa sababu kila asubuhi naosha mkono wa mume wangu.

Alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, maneno yakaisha. Hospitali walisema vidole vifanyishwe kazi kila siku, la sivyo vitajikunja na havitafunguka tena. Tukampa mpira aufinye, akautupa. Mjukuu wetu Divine, msichana mkubwa mwenye kazi yake, akamletea kigari cha rimoti. Hapo mzee akakubali. Alikuwa dereva wa malori maisha yake yote. Kidole kikaanza kuvuta kitufe cha rimoti, kigari kikawa kinazunguka uani kwetu Kagarama, kuku wanakimbia. Mimi nililalamika kuhusu kuku. Lakini nilikuwa na furaha, ujue hivyo.

Mota ikafa. Tukaenda Rwezamenyo, mimi na Divine, kwa fundi wa redio. Akatoa mota mbili, umbo sawa na ile iliyokufa, unene wa shafti sawa. Moja ilizunguka polepole. Nyingine, alipoigusisha betri, ililia kama nyuki.

"Hii iko kali kwa ako kagari," fundi akasema.

"Kali!" Divine akapiga makofi. "Funga hiyo hiyo! Babu atatuacha sote nyuma!"

"Dada, nasema iko kali."

"Na mimi nimesikia, fundi. Kali kabisa!"

Fundi akanitazama mimi bibi kizee. "Mukecuru, nifunge?"

"Mwenye kigari ni huyo," nikajibu, nikimwonyesha Divine.

Kwa vijana wa siku hizi, kali ni nzuri kupita zote. Kwa fundi, kali ilikuwa kali kama pilipili. Mota ile ilikuwa inakula umeme kuliko bodi, kile kibao cha umeme ndani ya kigari, ilivyoweza kutoa. Neno moja, watu wawili, kila mtu na lake.

Akafunga. Aling'oa gia ndogo kwenye mota ya zamani akaipachika kwenye mpya, akaweka kipande cha karatasi kati ya meno ya gia yasibanane, akakaza skrubu, akavuta karatasi, akalehemu nyaya. Kazi safi. Sina la kumlaumu mkono wake.

Nyumbani mzee akavuta rimoti. Kigari kiliruka hadi kwenye karai la nguo. Akacheka, mwanangu! Cheko la upande mmoja, lakini cheko. Akavuta tena. Harufu ikatoka, halafu moshi. Bodi ilikuwa imeungua, na bodi ya kigari kile hatukuipata mahali popote.

Divine akanunua kigari kingine. Mzee akageuza uso ukutani. Tukamsihi, tukamkemea, padri akaja akamsihi. Hakushika rimoti tena. Vidole vilijikunja kama walivyosema. Sasa navipanua kimoja kimoja nipitishe kitambaa, naye anafumba macho kwa maumivu. Daktari hasemi tena habari ya kupona.

Sikiliza basi. Fundi akikwambia neno likakufurahisha, usilipokee hivyo hivyo. Mwambie alieleze kwa maneno mengine. Muulize: kitu changu kitaibeba hii? Na ukimnunulia mgonjwa, chukua kinacholingana na alichozoea, si kile kinachokupendeza wewe. Haya mambo ni madogo. Nasi tulipotezwa na dogo.

Divine bado analia akija. Simfukuzi, wala simwambii si kitu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe subira ya kuuliza mara ya pili, na wazee wako wawe na afya mpaka ujifunze.