Breki ya Mzee Severini

"Wananchi wote mnatangaziwa, na wasiosikia waambiwe na wanaosikia, kwamba leo, Saba Saba ya mwaka huu wa sabini na sita, kijiji chetu kinamtukuza ndugu yetu Melkior, simba wa pedeli, mpasua misitu, bingwa wa vilima, ambaye peke yake, bila ramani, bila injinia na bila posho, ametuvumbulia njia ya baiskeli kutoka hapa Ugalla mpaka Mpanda mjini! Ndugu Melkior atasimama! Ndugu Melkior atasema neno!"

Hiyo ilikuwa sauti ya Ambrosi, mwenyekiti wa kijiji, mtu ambaye akitangaza kupotea kwa mbuzi, hata aliyemla anapiga makofi. Mgeni rasmi kutoka wilayani alikuwa amekalia kiti pekee chenye mgongo. Watu wakageuza shingo kumtafuta shujaa wao. Shujaa alikuwa nyuma kabisa, chini, nyayo zake zote mbili amezitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi.

Simba wa pedeli alikuwa hajakanyaga pedeli kwa miezi kumi.

Tumwache kwanza anyanyuke. Ananyanyuka polepole siku hizi.

Ugalla hakuna ng'ombe. Si kwamba watu hawawapendi. Mbung'o wanawapenda zaidi. Ng'ombe aliyeingia huko na nundu, baada ya masika moja anabaki ngozi na pembe. Kwa hiyo wazee wa huko walipotaka kuoza mabinti zao walidai mizinga na madebe ya asali, mpaka siku ile baiskeli za Kichina zilipoanza kushuka kutoka kwenye treni pale Mpanda. Wazee wakazitazama, wakaona zina pembe, hazili majani, na mbung'o akizing'ata anavunjika mdomo. Tangu siku hiyo ng'ombe wa Ugalla akawa na matairi.

Mzee Severini, Mkonongo, mrina asali, baba wa Prisila, aliliweka jambo hilo wazi mbele ya kila mtu aliyemtazama binti yake zaidi ya mara moja. "Baiskeli mpya," alisema. "Mpya ni ile ambayo bado ina makaratasi kwenye mabomba. Ukiniletea iliyovuliwa nguo, rudi nayo."

Melkior alikuwa na baiskeli, lakini hata neno hilo ni la heshima mno. Alikuwa ametoka nayo Usevya, kwao Upimbwe, akifuata asali. Haikuwa na breki, haikuwa na kengele, kiti kilifungwa kwa mpira wa ndani ya tairi, na mnyororo ulikuwa unakatika kila unapoona kilima. Lakini Melkior alikuwa na mapaja. Wanawake wa kijiji walikubaliana kuhusu hilo kisimani, na Prisila hakubishana nao.

"Siku moja," alimwambia Prisila, "nitakubeba kwenye kariya mpaka Mpanda. Si kwa barabara ya moramu, malori yakakupaka vumbi. Tutapita msituni, chini ya miti, wewe umekaa nyuma yangu kama malkia wa nyuki."

"Malkia habebwi," Prisila akamjibu. "Sema tu baiskeli yako ni mbovu."

Lakini alicheka, na ahadi ikashika. Kati ya yote ambayo Melkior aliwahi kuyataka duniani, hilo ndilo alilolitaka kuliko yote: njia, baiskeli, na Prisila nyuma yake.

Basi wilaya ikaleta baiskeli moja mpya kwa ajili ya asali ya kijiji. Moja, kwa kaya mia mbili. Kamati ilikaa siku tatu ikigombana kindugu. Siku ya nne mwenyekiti Ambrosi akatoa uamuzi: barabara ya moramu inazunguka mno, asali inalala njiani. Atakayepata njia ya kupita msituni, akafika Mpanda siku hiyohiyo na debe la asali halijamwagika, baiskeli ni yake moja kwa moja.

Kijana mmoja, Yotham, alijaribu. Akarudi kabla ya saa nne asubuhi akisema ameona tembo. Alipoulizwa tembo alikuwa wapi, akasema hakusubiri kumuuliza.

Melkior alijaribu mara tatu. Mara ya kwanza alipita mbugani, kwenye udongo mweusi, ukanata kwenye magurudumu mpaka hayakuzunguka tena. Akaibeba baiskeli begani nusu siku, na waliomwona kwa mbali walidhani baiskeli imejifunza kupanda watu. Mara ya pili alipita bonde la miyombo, penye mbung'o. Mbung'o anapenda kitu kinachokimbia. Ukienda mbio wanakufuata kundi zima, ukisimama wanakushukuru. Alirudi uso umevimba hivi kwamba mbwa wake mwenyewe alimbwekea.

"Mpimbwe wewe, rudi kwenu ukalime mpunga!" walimpigia kelele akina mama.

"Nyie chekeni," alisema Melkior kwa midomo iliyokuwa mara mbili ya midomo. "Njia ipo."

Na ilikuwepo. Mara ya tatu alishika mgongo wa kilima, juu ya mbuga na juu ya mbung'o, akachonga alama kwa shoka kwenye kila mninga alioupita. Upande wa pili kilima kilishuka ghafla, mteremko mrefu uliotandazwa kokoto kama mahindi yaliyoanikwa. Hapo akafanya wanavyofanya wabeba mizigo wote wa huko: akakata tawi kubwa lenye majani, akalifunga nyuma ya kariya kwa kamba ya gome, likaburuzika likikamata ardhi, na baiskeli isiyo na breki ikashuka kwa adabu kama mtawa. Chini kulikuwa na mashamba ya Kasokola, kisha nyumba za kwanza za Nsemulwa, kisha Mpanda yenyewe, na jua lilikuwa bado halijafika utosini. Debe halikumwaga hata tone.

Akapewa baiskeli hadharani. Aliishika usukani kwa muda ambao mtu anaweza kuvuta pumzi mbili. Pumzi ya tatu, Mzee Severini alikuwa ameshafika upande wa pili akikagua makaratasi.

Mshenga wa Melkior alikuwa Makarius, katekista, mtu mwenye maneno matamu ambaye hakujua kuyafunga mdomo yakishaanza kutoka. Posa ilikuwa imekubaliwa, baiskeli imepokelewa, pombe ya asali imeonjwa. Hakuna aliyemwomba aongeze kitu. Makarius akaongeza.

"Tena, mzee wetu, kijana huyu si wa kukuachia chombo usichokijua. Atakufundisha kuipanda. Atakufundisha mpaka wewe mwenyewe useme, basi, sasa nimeijua."

Mzee Severini akaweka kibuyu chini. "Mpaka mimi mwenyewe niseme?"

"Mpaka wewe mwenyewe useme."

"Hapo," alisema Mzee Severini, "mmenena kama watu."

Wakafunga ndoa misheni. Jumatatu yake masomo yakaanza. Sasa, kwa desturi ya huko mkwe hamgusi baba mkwe, hamtazami machoni, hakai naye mkeka mmoja. Melkior alilazimika kumfundisha mtu bila kumshika. Alishika kariya tu, akakimbia nyuma. Siku ya kwanza mzee aliingia kwenye kichaka cha miiba na baiskeli ikamlalia. Melkior aliinyanyua baiskeli, akaikung'uta vumbi, akaisimamisha. Halafu akasimama kando, uso ameugeuzia miti kwa heshima, akisubiri baba mkwe ajitoe kwenye miiba mwenyewe. Ilichukua muda. Hiyo ndiyo siku pekee katika ndoa yake ambayo Melkior alifurahi.

Baada ya mwezi Mzee Severini alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja, wa pili ameshika kiko. Kijiji kikampa kazi ya kupeleka asali Mpanda, maana kazi ilikuwa ya mwenye baiskeli, na mwenye baiskeli alikuwa yeye. Hata ile baiskeli ya zamani ya Melkior aliimaliza: aliivunja akachukua magurudumu, yawe akiba ya mpya.

"Baba," Melkior alimwambia, macho chini, "nadhani sasa umeijua."

"Bado," alisema Mzee Severini. "Kwenye tambarare naijua. Mteremko bado unanitisha."

"Ina breki, baba. Mbili."

"Breki zinaisha mpira."

"Basi nikufungie tawi."

"Tawi linakwaruza rangi." Mzee akavuta kiko. "Wewe una mikono, mkwe wangu. Na visigino unavyo."

Hivyo ndivyo Melkior alivyogeuka tawi. Mara mbili kila wiki alikimbia nyuma ya baiskeli tangu Ugalla, akaisukuma kwenye mpando, na kwenye mteremko wa kokoto akashika kariya kwa mikono miwili, akajilaza nyuma, akasimika visigino ardhini. Katambuga za tairi, viatu ambavyo mtu huvaa miaka mitano na kumrithisha mdogo wake, zilidumu safari tatu. Baada ya hapo akatumia alichozaliwa nacho. Watu wa Kasokola wakaanza kukiita kile kilima Kilima cha Visigino, na siku za safari walikuja na karanga zao, wakakaa juu ya mawe kutazama.

"Bana, Melki, bana!" walimtia moyo. "Kaza nyuma! Breki ya mkono nayo inapiga kelele?"

Juu ya kariya, mbele ya pua yake, alikaa Prisila na debe la asali mapajani. Baba yake alimhitaji sokoni kwa sababu alijua kubembeleza wanunuzi. Kwa hiyo kila kitu kilitimia kama kilivyoahidiwa. Njia ilikuwa ile, ya msituni. Baiskeli ilikuwa mpya. Prisila alibebwa kama malkia wa nyuki mpaka Mpanda. Kilichobadilika ni mwendeshaji tu.

Juma moja kabla ya Saba Saba Prisila alimtazama akipaka mafuta ya nyonyo kwenye nyayo.

"Ulisema utanibeba."

"Baba yako bado hajasema ameijua."

"Na hatasema mpaka afe. Na akifa atataka azikwe na baiskeli yake." Akasogeza taa. "Sikiliza. Mgeni rasmi akija watakupa nafasi ya kusema. Baba anaogopa serikali kuliko nyuki. Sema mbele ya mgeni: mzee huyu ameijua, masomo yamekwisha. Neno moja tu, Melki."

"Mkwe hamsemi baba mkwe hadharani."

"Basi usiseme. Ila nami narudi kwa baba. Yeye angalau ananibeba."

Hakutabasamu aliposema hivyo.

Na sasa ndiyo hiyo Saba Saba. Melkior amefika mbele, ameacha njia ya maji na kitu chekundu kidogo nyuma yake. Kulia kwake mgeni rasmi anatabasamu. Kushoto, hatua nne, amesimama Mzee Severini na baiskeli, makaratasi bado yapo kwenye mabomba, yamefungwa upya kwa uzi. Kando ya gurudumu la nyuma amesimama Prisila. Mzigo wake wa nguo ameushika mkononi, hajaupandisha kwenye kariya. Anasubiri.

Melkior alikuwa amelikariri lile neno wiki nzima. Alifungua mdomo. Mzee Severini akagusa kengele kwa kidole gumba, mara moja, kwa upole, kama mtu anayefukuza inzi.

Macho ya mkwe yakashuka chini, pale desturi ilipoyazoesha kukaa, yakakutana na nyayo zake.

"Usiogope, ndugu!" alisema mgeni rasmi. "Taifa linakusikiliza. Tuambie kwa maneno yako mwenyewe: hii njia yako ya maendeleo, ikoje?"

"Ina kokoto," alisema Melkior.