Volyumu Mpya za Gitaa la Besi

Katika harusi ya mwisho kabla ya Ramadhani, gitaa langu la besi lilikwaruza mpaka wanawake wa mbele wakaziba masikio. Kila nikigusa kitufe cha sauti, spika zinanguruma kama kabati linaloburutwa sakafuni. Kiongozi wa kikundi chetu cha taarab hakuningoja hata nishuke jukwaani.

"Skiza, yakhe. Idd ikija na makelele haya, besi ataipiga mpiga kinanda kwa mkono wake wa kushoto. Miye nshachoka."

Hakuwa akitania. Miaka ile ya tisini vinanda vya umeme vilikuwa vimeshaingia mjini, na mpiga dumbaki wetu, ambaye ngoma yake sasa ilitolewa na kinanda, alikuwa amekwisha kurudishwa nyumbani. Mimi nilipiga besi tangu sijaota ndevu. Sikuwa na jambo jingine la kunifanya nijione mtu. Nilikasirika, na hasira zangu zote nikazielekeza kwenye zile volyumu mbili zilizojificha chini ya vitufe, moja ya sauti na moja ya toni. Hewa ya chumvi ilikuwa imezila mpaka ndani. Nilishazitia mafuta ya cherehani. Zikatulia kidogo, kisha zikarudi na fujo zaidi.

Ramadhani hakuna taarab, kwa hiyo nilikuwa na mwezi mzima wa matengenezo. Nikalipeleka gitaa Mlandege kwa fundi redio. Akachakura kopo lake, akatoa volyumu mbili za redio kuukuu. Nikamwambia gitaa si redio. Akaniangalia kwa huruma, akalehemu. Nilipolichomeka nyumbani, sauti ilitoka dhaifu na imefumbwa, kama mtu anayesemea ndani ya mto. Nikamrudia. Akanambia ubovu uko kwenye spika zangu.

Ndipo nikampigia simu dada yangu aliyekuwa Maskati, aninunulie volyumu mpya huko.

"Unataka zile za kuzungusha?" akauliza.

"Naam, dada. Hizo hizo."

Furushi likaja na msafiri: halua, udi, na vitufe viwili vya rangi ya dhahabu. Vitufe vitupu, vile vya kupachika juu. Vizuri, vinang'ara, na havina faida yoyote kwangu. Nilikaa kitandani nikivitazama, nikaona dunia nzima imekula njama. Simu ya pili niliipiga na saumu yangu, koo limekauka, nikieleza neno moja moja: nataka kile kilicho chini ya kitufe, chenye miguu mitatu ya kulehemu, na muuzaji aambiwe ni cha gitaa la besi.

Volyumu zenyewe zilifika katika kumi la mwisho la Ramadhani. Kumbe shingo zake nene, hazipiti kwenye matundu ya gitaa. Nikachukua tupa, nikapanua mbao huku jasho linanitiririka na maji siwezi kunywa. Fundi sikumtaka tena. Nililehemu mwenyewe, nikaunguza dole gumba. Baada ya kufuturu nikachomeka waya. Kimya. Nikazungusha polepole, sauti ikapanda laini, ikashuka laini. Nilicheka peke yangu chumbani.

Siku ya onyesho la Idd nilifika mapema ili kiongozi asikie. Nilimkuta na mpiga kinanda, wameshapanga kila kitu.

"Nimelitengeneza," nikamwambia. "Halikwaruzi tena."

"Vyema. Lakini huyu nshamwambia apige besi. We piga tu, ila punguza, msije mkagongana."

Wimbo wa kwanza nikapunguza. Wa pili kiongozi akaniashiria kwa mkono nishushe tena, nikashusha. Wa tatu sikungoja ishara. Nikazungusha kitufe kushusha sauti mpaka mwisho, na volyumu yangu mpya ikatii bila ya mkwaruzo hata mmoja. Gitaa halikuwa likitoa kitu. Vidole vyangu viliendelea kutembea juu ya nyuzi, watu wakicheza na kumtunza mwimbaji kwa noti, mpaka wimbo ukaisha.

Kiongozi akanisogelea akitabasamu, akanishika bega.

"Hapo hapo, usiiguse," akasema. "Leo besi yako imekaa sawasawa."