Siku Mama Mkwe Alipoongea na Foneksi Yangu

Mwaka jana, mwezi wa saba, mama mkwe wangu aliongea na baiskeli yangu.

Baiskeli ikamjibu.

Najua unachofikiria. Hapana, sikuwa nimekunywa rubisi. Watu waliokuwa wamekaa pembeni ya barabara walisikia kila neno. Mmoja wao alikuwa na simu ya kurekodi, bahati mbaya chaji ilikuwa imeisha.

Naitwa Ainebyona. Naishi Ihanda, Karagwe. Kazi yangu ni kubeba ndizi kwa baiskeli kutoka mashambani kupeleka sokoni. Baiskeli yenyewe ni Foneksi nyeusi, chuma kitupu. Haina gia wala huruma.

Mke wangu ni Jenifa wa Bweranyange. Tuna mtoto mmoja wa kike, Kobugabe.

Ila wakati haya yanatokea, mke sikuwa naye. Mtoto pia.

Ilikuwa hivi. Kwenye mahari nilitoa pombe, nikatoa mbuzi, nikatoa jembe na blanketi la shangazi. Akabaki ng'ombe. "Utamleta," alisema baba mkwe, Mzee Rwegoshora. Nikasema nitamleta.

Mzee ni mfugaji, na ni mzee wa kanisa la Kilutheri. Akisema kitu Jumatatu, Jumapili bado anakisema kilekile.

Ng'ombe hakwenda. Kila nikijikusanya, linazuka jambo. Mara mnyauko umeingia migombani, mara mtoto ana homa. Siku moja mzee akaja kwangu, akanywa chai yote, akashukuru, akasema anaondoka na Jenifa akamsalimie mama yake.

Salamu gani hiyo ilichukua karibu mwaka mzima?

Nilipofuatilia nikakuta ameshatamka mbele ya wazee wa ukoo: "Huyu binti hatoki hapa mpaka ng'ombe wa mahari aingie zizini kwangu." Wazee wakaitikia kwa kichwa. Kimeisha hicho.

Mwanangu alijifunza kutembea nikiwa sipo. Niliambiwa kwenye simu. Nikafurahi, nikapongeza, nikakata simu, nikaenda nyuma ya choo nikalia. Sioni aibu kusema.

Ndipo likapita gari la matangazo.

Mashindano ya baiskeli! Kutoka Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, mpaka uwanja wa mnada Ihanda. Wanaume, wanawake, yeyote mwenye baiskeli. Mshindi anapewa mtamba wa Ankole, ng'ombe mwenye pembe zake ndefu. Wa pili fulana.

Kulikuwa na sheria moja: kuendesha, siyo kusukuma. Atakayeshuka njiani, ametoka.

Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya mlima mmoja. Ukikaribia Ihanda kuna mlima tunauita Shuka. Jina lake la kiserikali silijui. Tunauita Shuka kwa sababu ukifika pale, unashuka. Hata bodaboda wanashusha abiria.

Mimi nikaacha kushuka. Kila siku nilipanda Shuka na mikungu nyuma, nikaanguka, nikainuka, mpaka mlima wenyewe ukanizoea. Wateja walilalamika kwamba ndizi zinafika zimechubuka. Niliwaambia namtafuta mke wangu. Wakanyamaza.

Siku ikafika. Nkwenda palijaa watu.

Aliyekuwa anatajwa na kila mtu ni Gideon, kijana wa hukohuko Kyerwa. Baiskeli yake ina matairi membamba na usukani uliojikunja, na kaptula yake ilimbana mpaka akina mama wakawaambia watoto waangalie pembeni.

Akaitazama Foneksi yangu. "Kaka, umekuja kuuza ndizi?"

"Zimeisha," nikamwambia.

Nikageuka kutafuta pa kupanga mstari.

Mbele yangu alikuwa amesimama mama mkwe.

Costansia mwenyewe. Suruali ndani, sketi juu, kitenge kichwani, namba mgongoni. Ana wajukuu yule mama! Lakini kila asubuhi hubeba madumu ya maziwa kwa baiskeli kutoka Bweranyange kupeleka kwa wanunuzi, mlima kwa bonde, mvua kwa jua. Miguu ile siyo ya kuchezea.

Baiskeli yake naijua, ni kuukuu. Ila siku hiyo ilikuwa na matairi mapya, na mnyororo umepakwa mafuta unang'aa. Nikajiuliza ni nani aliyemhudumia hivyo.

Kwa msio wa kwetu, niwaeleze. Mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hampeani mkono, hamwangaliani usoni, hamgusani hata kwa bahati mbaya. Ukimwona njiani, unampisha. Kama una baiskeli unashuka, unainamisha kichwa, unasubiri mpaka apotee machoni. Una neno naye? Tuma mtu. Mtu asipokuwepo, ongea na kitu kilicho karibu, yeye atajisikilizia. Marehemu babu yangu alimaliza kesi nzima ya shamba na mama mkwe wake kwa kumweleza kuku.

Sasa niambie, mtu wa namna hiyo unashindana naye vipi?

Nikajificha nyuma ya watu. Filimbi ikalia, tukaondoka.

Mtu yeyote wa baiskeli atakwambia siri ya safari ndefu. Unajibanza nyuma ya mwenzako, yeye anakata upepo, wewe unakula raha. Na siku hiyo aliyekuwa anakata upepo mbele ni nani? Mama Costansia.

Gideon akajibanza nyuma yake kiroho safi. Yeye siyo mkwe wake.

Mimi ningewezaje? Nifike Ihanda nimekodoa macho kwenye mgongo wa mama mkwe, wilaya mbili zinaangalia? Nikabaki mbali, upepo wote wangu, namwangalia kunguru.

Ndani kwa ndani nilikuwa naungua. Nilijiambia, mzee na mkewe wamepanga. Wanataka huyu ng'ombe aende kwao kwa mlango mwingine, ili mimi nibaki vilevile, na binti yao abaki kwao. Niliumia sana, jamani.

Tukafika Shuka.

Mlima ukaanza kazi yake. Huyu kashuka, yule kashuka, mwingine kalala kabisa kwenye majani. Gideon, kwa kujiamini, akapunguza mwendo anywe maji na kuwapungia wasichana. Nikampita akiwa bado ana chupa mdomoni.

Mbele akabaki mtu mmoja tu. Mama mkwe.

Katikati ya Shuka, mvua za masika zilikuwa zimekula barabara. Kilikuwa kimebaki kijinjia chembamba, kulia korongo, kushoto ukuta wa udongo. Kumpita mtu pale lazima mgusane viwiko.

Nikafika nyuma yake. Nikaangalia gurudumu langu la mbele kama naliuguza.

Ndipo akasema, bila kugeuka:

"Foneksi."

Nikaendelea kukanyaga.

"Foneksi, nakuita wewe! Mwambie bosi wako apite. Mimi magoti yamegoma."

"Foneksi," nikasema, "mwambie mama kwamba hapa njia ni moja, tutagusana."

"Foneksi, mwambie nitafumba macho."

"Mama, ukifumba macho utaingia korongoni!"

"Sikuwa naongea na wewe," akasema mama.

Watu pembeni wakashika midomo.

"Foneksi," nikarudi kwenye utaratibu, "mwambie mama bosi wako hawezi. Atasemwa."

"Foneksi, muulize bosi wako, anamtaka ng'ombe au hamtaki?"

Nilimtaka yule ng'ombe kuliko pumzi niliyokuwa naitafuta. Mbele namuona Kobugabe anatembea, simo. Nyuma nasikia matairi membamba ya Gideon yanakuja. Nikikanyaga mara chache tu, nimempita mama, mlima umeisha, ng'ombe wangu, mke wangu.

Na nikimgusa? Mzee Rwegoshora atasema nini? Mtu aliyemsukuma mama mkwe wake korongoni kwa ajili ya ng'ombe, ndiye umpe binti?

Mama akayumba. Gurudumu lake likaja upande wangu, kiwiko chake kikakaribia mkono wangu.

Mwili ukafanya ulichofundishwa tangu utotoni.

Nikashuka.

Nikasimama katikati ya njia, baiskeli mkononi, kichwa chini. Mama alisikia viatu vyangu vinagonga ardhi. Akashusha pumzi ndefu.

"Foneksi," akasema, "una bosi mjinga. Sasa itabidi nishinde mwenyewe."

Akainuka kwenye kiti, akakanyaga.

Gideon akatokea nyuma, kasi. "Toa baiskeli!"

Keria yangu ya ndizi ina miti miwili imetokeza huku na huku. Kijinjia chote kilikuwa kimejaa.

"Subiri mama apite," nikamwambia.

"Si ameshapita!"

"Bado namuona."

"Wewe mtu una akili kweli?"

"Mila, kaka. Mpaka apotee machoni."

Akabana breki. Ikabidi aweke mguu chini, na mwamuzi alikuwa palepale juu ya jiwe, anatazama.

Mama Costansia akafika Ihanda peke yake. Wanawake wa mnadani walipiga vigelegele mpaka yule mtamba akavunja kamba.

Gideon akafungua kesi. "Wamepanga! Ukoo mzima umepanga!"

Mwamuzi mkuu alikuwa Mwalimu Akankwasa, mtu mpole. Akaniuliza, "Kwa nini uliziba njia?"

"Nilishuka kumpisha mama mkwe."

"Mama mzazi wa mke wako?"

"Ndiye."

Waamuzi wakatazamana. Wote ni watu wazima, wote wameoa.

"Hapo hana kosa," akasema mwalimu. "Angefanyaje sasa?"

Wakampa Gideon fulana ya kumtuliza. Ilimbana pia.

Nikarudi nyumbani nikiwa sina kitu. Nililala na nguo za mashindano. Ng'ombe niliyemtolea jasho alikuwa anakwenda kwenye zizi lilelile, na mimi sihesabiki. Nilimchukia mama mkwe, nakwambia ukweli.

Asubuhi nikaamshwa na mlio.

Mooo.

Nikatoka. Kwenye mbuni wangu wa kahawa wa mlangoni alikuwa amefungwa mtamba wa Ankole. Kamba naijua, ni ya kufungia madumu ya maziwa.

Jirani yangu Anatolia alikuwa kasimama uani kwake na ufagio.

"Mama mkwe wako alikuja alfajiri," akasema. "Nilimsikia anaongea na baiskeli yako. Nikasema labda ni uchovu."

"Alisemaje?"

"Alisema: Foneksi, mwambie bosi wako huyu ng'ombe kwetu hajakanyaga. Nimemlaza kwa dada yangu. Amlete yeye."

Ilinichukua muda kuelewa. Nilipoelewa, sikunywa hata chai.

Nilimswaga yule ng'ombe mpaka Bweranyange, Foneksi nikiisukuma. Mzee Rwegoshora alikuwa amekaa uani na wazee wa ukoo, utafikiri walikuwa wananisubiri. Wazee wakapewa kahawa za kutafuna, na mimi nikapewa.

"Shikamooni," nikasema. "Nimeleta ng'ombe wa mahari."

Mzee Kahigi, baba mdogo wa baba mkwe, akamkagua mnyama pembe mpaka mkia. "Huyu si ndiye ng'ombe wa jana? Wa mashindano?"

Nikaikaza kamba mkononi.

"Ndiye," akasema baba mkwe, uso mkavu.

"Aliyepewa mkeo?"

"Aliyempata ni mke wangu, ndiyo."

"Basi ni ng'ombe wako! Unajilipa mahari mwenyewe?"

Baba mkwe akatafuna kahawa yake taratibu. "Baba, ng'ombe wangu ni yupi?"

"Aliye zizini kwako."

"Huyu amewahi kuingia zizini kwangu?"

Mzee Kahigi akafikiri. "Hapana."

"Nani anamwingiza leo kwa mara ya kwanza?"

Wote wakanigeukia. Nilikuwa bado nimeshika kamba.

"Ila amempata wapi?" Mzee Kahigi hakutaka kukubali hivihivi.

Sauti ikatoka jikoni: "Sufuria! Waambie wazee ng'ombe wa mahari haulizwi alikolala."

Mlango wa zizi ukafunguliwa. Nikamwingiza.

Jenifa alitoka na mtoto. Kobugabe akanitazama, akaachia mkono wa mama yake, akaja kwa miguu yake mpaka kwangu. Nilipiga magoti mbele ya wazee wote. Nililia waziwazi, na hakuna aliyenicheka.

Tukiwa tunaondoka, baba mkwe akanisindikiza. Akaishika Foneksi, akabonyeza tairi la nyuma.

"Halina upepo," akasema. Akatoa pampu. Mikono yake ilikuwa na grisi kwenye kucha.

Nikaiangalia ile grisi. Nikakumbuka matairi mapya na mnyororo unaong'aa.

"Baba... ile baiskeli ya mama..."

"Nilitamka mbele ya wazee," akasema, akiendelea kupampu. "Nisingeweza kulimeza neno langu. Na ng'ombe wangu nisingeweza kukupa, wazee wanamjua kila mmoja. Mtoto anakuita kila jioni, mama yake analia, mama mkwe wako hanipikii vizuri. Ningefanya nini? Nikamnunulia matairi."

Akakaza kifuniko cha tairi, akanipa mkono.

Basi ndugu msomaji, mimi sina elimu ya kukufundisha. Ila nikwambie nililolipata pale Shuka: kuna watu wanakubania hadharani, na usiku hawalali wanakutafutia njia. Kabla hujawachukia, waulize wanakimbilia wapi. Kama huwezi kuwauliza wewe, tuma baiskeli.

Mama mkwe anakuja kutuona kila mwezi. Anasimama uani, anaangalia migomba.

"Foneksi, hamjambo hapa?"

"Foneksi, mwambie mama hatujambo."

Kobugabe sasa anaongea vizuri. Juzi alisikia bibi yake anakuja, akakimbia mbio, akainamisha kichwa mbele ya gurudumu.

"Shikamoo, Foneksi," akasema.

Bibi yake, huku akiangalia migomba, akaitikia: "Marahaba, mwanangu."