Landrova Niliyomnyang'anya Baba Mkwe

Jamani, Ruangwa nzima najulikana kwa mdomo, ila safari hii umeniponza.

Mchumba wangu Anasta alininong'oneza kwamba baba yake, dereva mstaafu wa misheni kule Mnero, anaota Landrova ya zamani. Nikaiona moja kwenye mnada wa magari mtandaoni. Nikasema hela yangu yote ya ufuta iende humo, nimpe mzee zawadi, nani atanikatalia binti?

Mnada ukaangukia siku ya posa. Ukweni nimekaa kwa adabu, mshenga anaongea, simu nimeificha mapajani. Baba mkwe anaingia chumbani, anatoka, anaingia tena. Nikajua anashauriana na mama.

Kila nikipandisha bei, kuna mtu ananizidi. Majina yamefichwa, lakini maoni unaandika. Nikamwandikia: "Kama umechoka, kanunue baiskeli!" Nikapandisha tena. Mnada ukafungwa, nimeshinda mimi!

Mzee akatoka chumbani na simu yake, jasho linamtiririka.

"Mshenga, samahani. Kuna mhuni kaninyang'anya Landrova yangu, halafu ananiambia nikanunue baiskeli!"

Anasta akaniangalia mapajani. Mshenga naye akaniangalia mapajani.

"Mkwe," mzee akanigeukia, "nyie vijana mnazijua hizi simu. Hebu nitafutie huyo mhuni yuko wapi."

Simu yangu ikaita. Kwa kiwewe nikabonyeza spika.

"Hongera kaka!" akasema dada wa mnada. "Ile Landrova umeichukua wewe. Tukuletee Ruangwa?"

Mzee akajibu kabla yangu: "Lete Mnero. Yeye ataondoka na baiskeli."