Régina wa Lusangi, Aliyechemsha Kisu cha Mpunga

Alizaliwa mwaka 1921 karibu na Lusangi, katika nchi ya Kabambare, Kongo ya Wabelgiji, binti wa wakulima waliosema Kibangubangu nyumbani na Kiswahili sokoni. Alibatizwa Régina, na mwaka 1940 akaolewa na Gaston, mkatekista. Walioishi naye hawakumkumbuka kama mtu mpole. Alikuwa na hasira, na Mungu aliitumia hasira hiyo.

Alizaa watoto watatu, wote wazima. Kila mmoja alinyonya vizuri siku tano au sita, kisha mdomo ukafunga, mwili ukakakamaa na kupinda kama upinde, akafa kabla ya siku ya kumi. Watu waliuita ugonjwa wa ndege: ndege mbaya amepita juu ya paa, tena hapiti bure, lazima mama ametenda kosa. Wote watatu walikatwa kitovu na mama mkwe wake kwa kisu kilichovuna mpunga wa kwanza wa mwaka. Kisu hicho hakikuoshwa kamwe, wasije wakaosha mavuno. Juu ya kidonda walipaka udongo wa jikoni. Siku ya nne baada ya kumzika wa tatu, mwaka 1949, kapita wa pamba, msimamizi wa kilimo cha lazima, alisimama mlangoni. "Bibi yako amelala ya kutosha, katekista. Pamba haijui matanga."

Mwaka uliofuata Régina alipata kazi ya kufua nguo katika nyumba ndogo ya uzazi ya masera, watawa wa kike, upande wa Kasongo. Hapo aliona visu na makasi vikichemshwa, na watoto wakivuka siku ya kumi. Alimuuliza masera Cécilia kuhusu ndege.

"Si ndege, Régina. Ni uchafu wa kisu na udongo. Unaingia kwa kitovu."

"Munajua hivi tangu wakati gani?"

"Tangu zamani. Mbele ya kuzaliwa kwako."

"Na kwa pamba munaitaga watu kila juma! Kwa kitovu, hata siku moja?"

Wakubwa wa masera hawakupenda mambo ya uzazi yatajwe mbele ya wanaume, na Serikali ilihesabu marobota ya pamba, si makaburi madogo. Nani atajibu kwa hilo?

Régina alirudi Lusangi kwa sababu wifi yake, Véronique, alikaribia kuzaa, na kisu kilekile kilikuwa kinamngoja. Uchungu ulipoanza, alikitwaa kutoka ukutani akakitumbukiza katika chungu kinachotokota. Mama mkwe akapiga kelele: "Unaosha mpunga wetu! Mwanamke wa makaburi, unataka tufe njaa?"

"Mpunga utaota tena, mama mukwe. Watoto wangu watatu hawataota."

Akakaa mbele ya chungu, na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Kitovu kilikatwa kwa kisu hicho safi, kikaachwa kikavu. Siku kumi Régina alilala kando ya mtoto, akimkinga na udongo. Siku ya kumi na moja mtoto alikuwa bado ananyonya. Akaitwa Heri. Mama mkwe akauliza kwa sauti ndogo, "Basi wale watatu... ni mimi?" Régina akamshika mikono. "Hukujua, mama. Waliojua ndio walionyamaza."

Tangu hapo alitembea na chungu chake hadi Salamabila, akichemsha visu vya wakunga. Mara mbili alifungwa kwa kusafiri bila karatasi na kuacha shamba la pamba. Homa ya kifungo cha pili ilimuua mwaka 1957.

Kanisa halijamtangaza mtakatifu. Wapo wanaosema udongo wa kaburi lake unaponya, na wengine, Bwana awahurumie, wameupaka kwenye vitovu. Msifanye hivyo! Mnamuua tena. Ugonjwa ule ni pepopunda, na leo mama mjamzito ana chanjo yake. Muujiza wake ni Heri na wote walionyonya siku ya kumi na moja. Anayetaka kumwomba Régina, kwanza ateleke maji.