Mtaro wa Kule Bukavu

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka moyo wangu huanza kwenda mbio kama wa msichana. Wewe uliyekuja kwangu jana na goti lililofungwa bandeji, ukisema mpira wa kikapu ndiyo basi tena, vuta kiti usikie.

Vita vya Kongo vilikuwa vimetulia kidogo, mpaka wa nchi ukafunguliwa, na wasichana wa Bukavu wakavuka daraja la mto Rusizi kuja kucheza na chuo chetu hapa Kamembe, upande wa Rwanda. Mimi nilizaliwa Bukavu na kujifunza mpira kule, kisha wazazi wangu wakarudi Rwanda baada ya mauaji ya kimbari. Nusu ya timu yetu ilikuwa watoto kama mimi, na mjini walikuwepo waliotuita Wakongo. Nilitaka kushinda ili wanyamaze.

Kabla ya mapumziko niliruka, nikatua vibaya, goti likageuka. Nilijua palepale kwamba limekwenda. Tulikuwa nyuma, nami niko benchi nalia, barafu ya muuza samaki ikinitiririkia hadi kwenye soksi. Kocha wetu, mzee mkali tuliyemwita Papa Anaclet, hata pole hakunipa.

“Mguu imekufa, lakini macho iko muzima,” alisema kwa Kiswahili cha Bukavu. “Bale batoto ba Bukavu banapitaka wapi?”

Nikajifuta machozi, nikatazama. Wote walipitia kuume. Nikaanza kucheka. Uwanja tuliojifunzia sote kule ulibakiwa na kikapu kimoja, na kushoto kwake palikuwa na mtaro wa maji machafu. Aliyepitia kushoto alirudi nyumbani ananuka.

“Papa, kule kulikuwaka mutaro,” nikamwambia. “Banauogopa mpaka leo.”

“Na weye? Na benzako benye balitokaka kule?”

Nikawatazama wenzangu uwanjani. Sisi nasi tulipitia kuume siku zote, na mtaro tulikwisha kuuacha ng'ambo ya mto.

Wakati wa mapumziko akanisukuma mbele ya timu niseme mwenyewe. “Mubafungie kuume,” niliwaambia, “na sisi tupitie kushoto. Hapa hakuna mutaro, ni sima tupu,” yaani saruji kavu.

Laiti ungeona, mwanangu. Wageni wakigonga ukuta wa watu kuume, wanatazamana. Mimi nikipiga kelele kando ya uwanja mpaka sauti ikakauka. Mwishoni tulikuwa nyuma kwa pointi moja, na mpira ukamfikia Furaha, kapteni wetu, aliyekulia kule pamoja nami. Nikaona bega lake linakwenda kuume kwa mazoea.

“Kushoto, Furaha!”

Akageuka, akapita peke yake, mpira ukaingia, mechi ikaisha. Nikarukaruka kwa mguu mmoja nikilia upya, na walewale waliotuita Wakongo wakambeba Furaha mabegani. Papa Anaclet akavua filimbi yake, akanivisha shingoni. Kucheza sikucheza tena, lakini sijatoka uwanjani tangu siku ile.

Basi nasaha yangu ni hii. Goti likikukatalia, usikimbilie nyumbani. Kaa utazame, maana mpira unahitaji macho pia. Na ukishaona kasoro ya wenzako, jitazame na wewe, huenda bado unakwepa shida uliyokwisha kuihama.

Mungu akuponye goti hilo. Asipoliponya, akupe macho ya kuona na sauti ya kufika hadi kikapu cha mbali. Sasa shika filimbi hii, ni ileile. Wenzako wanaanza mazoezi saa kumi, na leo utawasimamia wewe.